NANI KAMNYIMA MTOTO NJIA?



Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za vyama, nani kahama na nani kanunuliwa, tuzungumze jambo ambalo halina chama lakini ni siasa tupu. Nataka kuzungumzia safari ya mtoto wa miaka minane, kutoka mlangoni kwao mpaka dukani, bila ya mtu mzima kumshika mkono. Nakuombeni mnivumilie, maana mbele nina deni langu mwenyewe la kukiri, na sitaki nianze kuwanyooshea wengine kidole kabla sijajinyooshea mimi.

Mimi nimezaliwa na kukulia Ng'ambo, Unguja. Nilianza kutumwa dukani kabla sijajua vizuri kuhesabu chenji. Asubuhi skuli kwa miguu, mchana chuoni kwa miguu, jioni uwanjani kwa miguu, na Magharibi ikiadhiniwa ole wako uwe hujafika nyumbani. Sikumbuki hata siku moja mama yangu kuuliza nani atanipeleka. Swali lake lilikuwa moja tu: "Umepita wapi?" Na mara nyingi hata hilo alikuwa ameshajibiwa kabla sijafika. Nikirusha jiwe kwenye muembe wa watu uchochoro wa tatu, mzee aliyekaa barazani ameshaniona, ameshamwambia jirani, na jirani ameshafika kwetu. Nilikuwa huru, lakini sikuwa peke yangu. Hayo ni mambo mawili tofauti na nitayarudia.

Mwanangu ana miaka kumi. Amezaliwa hapa Uingereza, tunaishi Milton Keynes. Duka la karibu lipo kama mita 400 kutoka kwetu, na hajawahi kwenda peke yake. Skuli anapelekwa na gari, madrasa anapelekwa na gari, mpirani anapelekwa na gari. Mwanzoni mwa mwaka huu aliniuliza, "Baba, wewe ulikuwa ukienda skuli na nani?" Nikamwambia nilikuwa nikienda mwenyewe, mimi na wenzangu. Akafikiri kidogo, akaniuliza kwa huruma kabisa: "Kwani bibi alikuwa hakupendi?"

Nilicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri. Tumefika wapi, mtoto anaamini kuwa kupendwa ni kufungiwa?

Jibu la haraka tunalolipenda sote ni kuwa dunia imeharibika, watu wamekuwa wabaya, zamani ilikuwa salama. Sikatai kuwa wabaya wapo. Lakini wenzetu hawa Waingereza walikaa wakahesabu. Mtafiti Mayer Hillman na wenzake walitoa kitabu mwaka 1990 kikilinganisha watoto wa miaka 7 na 8 katika Uingereza. Mwaka 1971, watoto 80 katika kila 100 walikuwa wakienda skuli bila ya mtu mzima. Mwaka 1990, walikuwa wamebaki 9 tu katika 100. Katika muda usiotimia miaka ishirini uhuru wote ule ulikuwa umeyeyuka. Na wazazi walipoulizwa kwa nini, sababu ya mwanzo waliyoitaja haikuwa wezi wa watoto. Ilikuwa ni magari.

Kuna jambo jengine katika hesabu zile ambalo ningependa kila mwanasiasa alisome. Katika miaka hiyo hiyo, vifo vya watoto barabarani vilikuwa vinapungua, na serikali ikajisifu kuwa barabara zimekuwa salama zaidi. Hillman akasema hapana. Barabara hazikuwa salama zaidi, ila watoto wameondolewa barabarani. Ni sawasawa na mtu kuwafungia kuku wake bandani mchana kutwa, halafu akatamba mtaani kuwa kawashinda mwewe.

Sasa tujiulize: hivi ni magari peke yake, au ni jinsi mitaa ilivyochorwa? Mwaka 1969, huko San Francisco, Marekani, mtaalamu mmoja aitwaye Donald Appleyard alichunguza mitaa mitatu iliyofanana kwa nyumba. Tofauti ilikuwa idadi ya magari. Mmoja ulipita magari kama 2,000 kwa siku, na mmoja 16,000. Aliwauliza watu wana marafiki wangapi katika mtaa wao. Wa mtaa wenye magari machache walikuwa na marafiki mara tatu ya wale wa mtaa wenye magari mengi. Walipoulizwa "kwenu ni wapi?", wa kwanza walichora mtaa mzima, na wa mwisho waliishia kwenye milango yao. Kwa hiyo gari haimtishi mtoto tu. Inamfukuza na yule mzee wa barazani, na akishaondoka mzee, mtoto hana tena wa kumtazama.

Nirudi Milton Keynes, maana mji huu una funzo la peke yake. Ulitangazwa kuwa mji mpya mwaka 1967. Waliouchora walikuwa na nia nzuri kabisa. Barabara kubwa wamezipanga kama mistari ya daftari la hesabu, kila moja ipo kama kilomita moja na mwenziwe, na magari yanakimbia humo maili 60 au 70 kwa saa. Kisha wakatengeneza njia nyengine za waendao kwa miguu na kwa baskeli, za lami nyekundu, zinazopita chini ya barabara kubwa. Ni zaidi ya kilomita 200 za njia hizo. Kwa maana hiyo mtoto anaweza kuvuka mji bila ya kukutana na gari za barabara kubwa. Ukiitazama ramani unasema, hii ndiyo pepo ya watoto.

Basi mbona mwanangu hajaiona pepo hiyo? Kwa sababu njia ile inapita nyuma ya nyumba za watu, imezungukwa na vichaka, inazama chini ya daraja, na ukipita saa kumi na moja jioni wakati wa baridi hukutani na mtu. Nyumba zimeipa mgongo. Hakuna dirisha wala duka linaloitazama. Mwaka 1961 bibi mmoja wa New York, Jane Jacobs, aliandika kitabu akasema kuwa usalama wa mtaa haulindwi na polisi kwanza, unalindwa na macho ya watu wenye shughuli zao pale pale. Niliposoma maneno yale nilisema, bibi huyu angekuja Ng'ambo angetukuta tunajua siku nyingi.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Mtoto anahitaji vitu viwili ili awe huru: gari zisizoweza kumuua, na macho yanayomjua. Milton Keynes imempa njia isiyo na gari, ikamnyima macho. Ng'ambo ya utoto wangu ilimpa macho, na gari zilikuwa chache kwa sababu ya umasikini wetu, si kwa mipango yetu. Sasa gari zimekuja na mipango haijaja.

Tuwatazame ndugu zetu wa Maskati, maana wengi wetu tuna damu huko. Dada yangu anaishi upande wa Seeb. Dola ya Oman imewafanyia raia wake hisani kubwa ya kuwapa viwanja vya kujenga, kawaida mita za mraba 600 hivi, na tangu mwaka 2008 haki hiyo ikawa na kwa wanawake. Nani asiyeipenda hisani hiyo? Lakini matokeo yake katika ramani ni nyumba kubwa moja moja, kila moja na ukuta wake, mji umenyooka kando ya bahari kilomita na kilomita, na barabara kuu katikati. Watoto wa dada wanachukuliwa na basi la skuli mlangoni na kurudishwa mlangoni. Wakitaka kumtembelea binamu yao aliye upande wa pili wa barabara kuu, lazima mtu awashe gari. Mtaniambia ni joto. Kweli joto lipo. Lakini joto halikuanza juzi. Mitaa ya zamani ya Matrah ilijengwa nyumba zikikaribiana, njia nyembamba zenye kivuli, na watu walitembea. Joto ni lile lile, kigeni ni uwanda mtupu wa lami baina ya nyumba na nyumba.

Na walioko Marekani wanayajua zaidi. Kuna vitongoji huko havina hata njia ya pembeni ya kutembea, na mtoto akionekana peke yake kuna mtu atapiga simu polisi. Mwaka 2018 jimbo la Utah likalazimika kutunga sheria ya kusema kuwa mzazi anayemwacha mtoto wake aende skuli kwa miguu au acheze nje peke yake, si mzazi aliyemtelekeza mtoto. Fikirini wenyewe. Jambo alilolifanya kila mama wa Kiswahili tangu enzi na enzi, wenzetu limewafikisha bungeni.

Msije mkadhani nasema hakuna dawa. Uholanzi leo watoto wanakwenda skuli kwa baskeli wenyewe, na watu husema "Waholanzi ndivyo walivyozaliwa". Si kweli. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa katika barabara za nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Mwandishi wa habari mmoja aliyepoteza binti yake kwa ajali aliandika makala mwaka 1972 yenye kichwa cha habari kisemacho, kwa Kiswahili chetu, "Komesheni mauaji ya watoto". Wazazi wakatoka, wakalala barabarani na baskeli zao, wakafunga mitaa, wakaenda mpaka kwa wabunge. Hawakuiita ajali wala kudra. Waliita mauaji. Mwaka 1976 sheria ikatambua mitaa ya makaazi ambayo mwenye nyumba ni mtembea kwa miguu, na gari ni mgeni anayepita polepole. Mji wa Houten ukajengwa kwa mtindo wa gari kuzunguka nje, na baskeli na miguu kukata katikati. Sasa ni miaka hamsini na wanakula matunda. Hayo ni matunda ya siasa, jamani, hayakutoka mbinguni.

Na sisi je? Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 duniani. Si malaria wala ukimwi. Mwezi wa Februari 2020, katika mkutano mkubwa wa Stockholm, mataifa yalikubaliana kuwa pale watu na magari wanapochanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Sheria yetu ya usalama barabarani ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1973, nayo kwenye makaazi ya watu inaruhusu 50. Na hata hiyo 50, nani anaifuata? Nairobi ilitunga sera mwaka 2015 kuwa sehemu ya 20 katika 100 ya fedha za usafiri wa jiji iende kwa watembea kwa miguu na waendesha baskeli. Karatasi nzuri. Mwaka 2022 kikafunguliwa nini? Barabara ya juu ya kulipia, ya wenye magari.

Tukitaka tunaweza. Dar es Salaam kuna shirika linaloitwa Amend ambalo lilikwenda kwenye skuli za msingi, likawauliza watoto na walimu wanapita wapi na wanagongwa wapi, kisha likaweka vitu vidogo vidogo: matuta, njia ya miguu pembeni, kivuko cha pundamilia, nguzo za kuzuia magari, geti la skuli likahamishwa lisitazame barabara kubwa. Wakapima kabla na baada, na majeruhi wakapungua. Mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji. Ni saruji na rangi, waungwana. Hakukuhitajika mkopo wa benki yoyote ya dunia.

Sasa deni langu.

Miaka ya nyuma nilinunua kiwanja upande wa Fuoni. Nikawa natuma pesa kidogo kidogo kama tunavyofanya sote, kaka yangu akisimamia. Pembeni mwa kiwanja kulikuwa na kijia cha miguu, na watoto wa mtaa walikuwa wakikitumia kwenda chuoni. Ulipofika wakati wa ukuta, sheha alikuja kwa kaka akaomba tuache mita mbili tu. Kaka akanipigia simu. Mimi nipo hapa kwenye baridi, nimetoka kazini usiku, nikajibu kwa hasira: hati ni hati, kiwanja nimekinunua mzima, ukuta uende mpaka mwisho. Ukaenda mpaka mwisho. Futi kumi, na vigae vya chupa juu yake.

Watoto wakawa wanazunguka kwa njia ya barabara kubwa. Haukupita muda mrefu, mtoto wa miaka saba akagongwa na pikipiki wakati anarudi chuoni, akavunjika mguu. Kaka alinipa habari hiyo katika simu ile ile aliyonipigia kuniomba pesa za mabati, kama habari ya mvua. Hakuna aliyenilaumu. Mwenye pikipiki alikamatwa, watu wakasema kudra. Nilipokwenda likizo nilimwona yule mtoto, anachechemea. Mama yake alikuja kutuamkia, akaniuliza hali ya wazungu, akanishukuru kwa tende. Hakusema kitu. Ingekuwa amenitukana ningepumua.

Mwaka jana nimeuvunja ukuta upande ule, nimerudisha mita mbili, na nimejenga baraza ya saruji nje, chini ya muarubaini. Kaka analalamika kuwa watoto wanapiga kelele na vijana wanakaa mpaka usiku. Nimemwambia hao ndio walinzi, na hawana mshahara. Mguu wa yule mtoto haujarudi kwa kuvunja ukuta, najua.

Kwa hiyo ninaposema watu wa nje tunaharibu mitaa ya nyumbani, sizungumzi kwa nadharia. Sisi ndio wenye kuta ndefu. Sisi ndio tunaojenga nyumba zisizo na baraza, dirisha la mbele dogo, geti la chuma, na tukifika likizo tunakodi gari ya kwenda msikitini hatua mia. Tumeona mitaa ya ugenini, tukadhani ukuta ndio ustaarabu, na yale mema ya ugenini, njia za pembeni na vivuko, tukayaacha huko huko.

Kuna watakaosema, "Wewe huna habari za udhalilishaji wa watoto unaoendelea nyumbani." Ninazo, na zinaniuma. Lakini tuwe wakweli. Anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu anayemjua, na mara nyingi ndani ya nyumba, ndani ya ukuta huo huo. Mtoto anayejuana na mtaa mzima ana milango kumi ya kukimbilia. Aliyefungiwa hana hata mmoja. Kuna watakaosema gari ni maendeleo. Sawa, na mimi ninayo. Lakini nchi ambayo mwenye gari anafika salama na mtoto wa masikini hafiki, imeendelea kwa nani?

Naomba basi tukubaliane mambo haya:

1. Kila mmoja wetu anayejenga nyumbani aulize kabla ya kuchimba msingi: watoto wa hapa wanapita wapi? Aache njia, na ukuta uwe wa kuona mtu.

2. Wizara na mabaraza ya miji waache kugawa na kuuza viwanja kabla ya vijia vya miguu kuandikwa katika ramani. Kijia kikishaandikwa, sheha awe na nguvu ya kukilinda, hata kwa mwenye pauni.

3. Kilomita 30 kwa saa mbele ya kila skuli na kila madrasa, na tuta la kuilazimisha, maana kibao peke yake hakimsimamishi mtu. Na tuta liwekwe kabla ya msiba, si baada yake.

4. Mkataba wowote wa barabara mpya, uwe wa mkopo au wa msaada, usisainiwe mpaka waziri ajibu swali moja: mtoto wa miaka minane atavuka wapi?

5. Tunapokutana na wagombea wanaokuja huku nje kutuomba pesa na uungaji mkono, tuwaulize hilo hilo la nne. Wakicheka, tujue tuliokuwa nao.

Jumamosi iliyopita nilimtuma mwanangu maziwa. Tulikuwa tumeifanyia mazoezi njia wiki tatu, mimi nikibaki nyuma kila mara mbali zaidi. Mama yake alikaa dirishani na hakunisemesha mpaka aliporudi. Alichukua dakika 14. Chenji ilipungua senti ishirini, akasema labda zimemwanguka. Nimemsamehe, maana na mimi enzi zangu zilikuwa zikiniangukia hivyo hivyo, kwenye duka la ubuyu.

Naomba kutoa hoja.